Nimeufunika ufa kwa kalenda, na kikao cha kamati ni wiki 3 zijazo

Shikamoo mshauri,

Nimeandika barua hii mara mbili nikaichana. Hii ya tatu naituma kabla sijaghairi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43. Nina duka la vitabu na vifaa vya shule na ofisi katikati ya mji, kwenye jengo la zamani la ghorofa moja alilotuachia marehemu mama. Wenye jengo ni sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi ndiye ninayeshinda dukani. Yeye anashughulika na hesabu, wateja wakubwa na mambo ya benki. Chini kuna vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta mnene: mbele ni duka, nyuma ni mashine za fotokopi. Juu kuna vyumba vitatu alivyokuwa akiishi mama, na tangu aondoke tunaweka karatasi.

Mwaka jana tuliamua kulikarabati. Mchora ramani alituchorea kitu ambacho nilipokiona machozi yalinitoka. Ukuta wa kati unaondoka, duka linakuwa wazi kutoka mlangoni mpaka nyuma, madirisha ya mbele yanakuwa kioo kimoja kipana, na panawekwa ngazi mpya ya kupandia juu. Benki ikatukubalia mkopo. Tukapeleka ramani halmashauri kuomba kibali.

Zilikaa miezi miwili. Ziliporudi zilifuatana na barua ya hoja. Kwanza wanataka ripoti ya mhandisi inayoeleza ukuta wa kati umebeba nini, na ukitoka kitakachobeba ni kipi. Pili wanasema sura ya mbele ibaki ilivyo, kwa kuwa majengo yote ya mtaa wetu yana madirisha ya matao. Tatu, mlangoni pawekwe mteremko kwa ajili ya wanaotumia viti vya magurudumu. Na la nne ndilo lililonikata maini: jirani ameweka pingamizi, kwa hiyo shauri letu litasikilizwa kwenye kikao cha wazi cha kamati, wiki 3 kuanzia leo.

Jirani mwenyewe ni mzee fundi saa. Duka lake na letu yanachangia ukuta mmoja. Nilipokuwa mtoto, mama akichelewa kufunga hesabu, mimi nilikaa kwa mzee namshikia bisibisi zake ndogo, naye ananionyesha jinsi gurudumu moja la saa linavyolisukuma jenzake. Mama alipofariki alifunga duka siku 3. Leo ndiye aliyeandika karatasi ya kutupinga. Nakala yake ninayo. Anasema ana saa za watu kwenye rafu zilizopigiliwa ukutani, anasema umri wake haumruhusu kuhamahama, kisha anamalizia hivi: "Duka silipingi. Ninachopinga ni ukuta kuguswa bila mimi kuulizwa." Nilipoisoma mikono ilinitetemeka. Angenifuata tu akaniambia, ni hatua kumi. Leo ni siku ya 11 napita mlangoni kwake bila kumwamkia.

Mdogo wangu amewaka. Marejesho ya mkopo yanaanza miezi miwili ijayo, tujenge tusijenge, na mafundi wameshapewa malipo ya awali. Anasema kikao ni cha kutukwamisha. Anataka tuanze ndani kwa ndani, usiku, milango imefungwa, na tukiulizwa tuseme ni matengenezo madogo. Anasema ukuta ukishatoka watafanya nini? Tena amempata mtu anayedai kuwajua watu, eti anaweza kulisukuma faili letu. Sikutaka kuuliza analisukumaje.

Sasa nakuambia lile ambalo hakuna anayelijua ila mimi na fundi mmoja. Wiki mbili zilizopita fundi huyo alikuja kupima ukuta wa kati. Akabandua lipu kidogo juu ya kona ya mlango, mahali pa ukubwa wa sinia. Chini yake kuna ufa. Unaanzia kwenye kona yenyewe ukipanda mshazari. Pale chini ni kama uzi, lakini juu unaingiza ncha ya kalamu ya risasi. Tulizunguka upande wa pili, nyuma ya mashine ya fotokopi, tukaukuta palepale. Fundi akanitazama. Nikamwambia tutazungumza. Alipotoka nilichukua kalenda ya mwaka huu nikaitundika juu ya ile sinia.

Sijamwambia mdogo wangu wala mchora ramani. Nikisema, mhandisi ataongeza mambo, kikao kitasogezwa mbele, na mkopo hautusubiri. Na kuna jambo jingine dogo. Kwenye ramani vyumba vya juu vimeandikwa "ofisi". Ni kweli tutaweka meza mbili huko, lakini sehemu kubwa itaendelea kuwa stoo ya karatasi. Mdogo wangu alisema tukiandika stoo tutaulizwa maswali mengi.

Silali vizuri. Nikae kimya mpaka kikao kipite? Nimwache mdogo wangu aanze? Niondoe maombi yote, tuendelee na duka lilivyo? Na huyu mzee nimfanyeje? Naogopa kugombana na ndugu yangu pekee niliyebaki naye, na naogopa kulipoteza jengo la mama.

Mwenye Kalenda

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Zile barua mbili ulizochana, nahisi zilikuwa zinaisema halmashauri. Hii umeandika kuhusu ukuta. Ahsante kwa kuituma.

Ngoja nikurudishie nilichosikia, unisahihishe nikikosea. Una mipango ya ukarabati inayokaguliwa na kamati, jirani unayempenda ameipinga, na ndugu unayempenda zaidi anataka msiwasubiri wala kamati wala jirani. Ukaniuliza cha kufanya kwa wote hao. Lakini barua yako ilipofika kwenye ile lipu iliyobanduliwa ikapunguza mwendo. Ulinieleza ufa unaanzia wapi, unaelekea wapi, unaingiza nini. Kamati hukuieleza hivyo. Kwa hiyo na mimi nitaanzia hapo ulipokaa muda mrefu.

Mimi si mhandisi, na hata mhandisi hawezi kuusoma ufa kwa barua. Ninachojua ni hiki. Majengo ya zamani yana nyufa, na nyingi hazina neno. Ufa wa unywele, usiofika milimita 1, mara nyingi ni lipu tu iliyosinyaa ilipokauka. Wako una mambo matatu ambayo wenye kazi yao hupenda kuyaona kwa macho yao: umetoka kwenye kona ya mlango ukapanda mshazari, juu ni mpana kuliko chini, na umetokea pande zote mbili za ukuta. Huenda msingi ulititia upande mmoja. Huenda boriti iliyo juu ya mlango imechoka. Huenda huko juu kuna mzigo ambao jengo halikutarajia. Na inawezekana vilevile kwamba ni ufa wa zamani sana, ulishatulia kabla hujazaliwa, lipu ikapita juu yake na hausogei tena. Kati ya hilo la mwisho na hayo ya kwanza kuna tofauti kubwa mno, na kalenda haiwezi kukuambia ni lipi.

Kuna kazi ndogo unayoweza kuifanya leo, wakati unamtafuta mhandisi. Chukua penseli, piga mstari mfupi unaokatiza ufa, andika tarehe pembeni. Weka alama nyingine pale ncha yake inapoishia. Pima upana kwa rula yenye milimita, uandike. Rudia kila baada ya siku chache, palepale. Mafundi wa zamani walikuwa wakibandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa. Kioo kikipasuka walijua nyumba inatembea. Hili halichukui nafasi ya mhandisi, lakini atakapokuja, swali lake la kwanza litakuwa kama ufa unasogea, nawe utakuwa na la kumwonyesha. Ila usimngoje mpaka wiki ziishe. Watu wanapita chini ya mlango huo kila siku, na wewe ni mmoja wao.

Sasa turudi kwenye lile uliloliita jambo dogo. Wewe unauza karatasi, kwa hiyo hesabu hii unaiweza kuliko mimi. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2 na nusu. Boksi la rimu 5 ni kilo 12 na nusu. Maboksi 100 ni kilo 1,250, yaani zaidi ya tani moja, na bado hujahesabu vitabu na madaftari. Shule zinapokaribia kufunguliwa, huko juu huwa mnapanga maboksi mangapi? Na yanapangwa wapi, kando ya kuta au katikati ya chumba? Vyumba hivyo vilijengwa kwa ajili ya kitanda, kabati na mtu mmoja anayelala. Mhandisi akisoma "ofisi" atapiga hesabu ya meza na viti. Atachagua mhimili wa kuchukua nafasi ya ukuta wa kati kwa hesabu hiyo. Kisha mtaupandishia tani za karatasi. Neno moja kwenye ramani linaweza kuifanya ripoti nzuri kabisa ya mhandisi mwaminifu iwe ripoti ya jengo jingine.

Nitataja kisa kimoja, na naomba usikisome kama kitisho. Tarehe 29 Juni 1995, jengo la duka kubwa la Sampoong mjini Seoul, Korea Kusini, liliporomoka jioni watu wakiwa ndani wananunua. Walikufa watu 502. Jengo lile lilikuwa limeanza kuchorwa kwa matumizi mengine kabla ya kugeuzwa duka. Nguzo zilipunguzwa ili kupisha ngazi za umeme, ghorofa ya tano ikaongezwa kwa ajili ya migahawa, na juu ya paa kukawekwa mitambo mizito ya kupooza hewa. Asubuhi ya siku ile nyufa zilionekana ghorofa ya juu. Wakuu wa duka walifunga ghorofa hiyo, huku chini biashara ikiendelea, kwa sababu siku hiyo wateja walikuwa wengi. Baadaye wenye duka walihukumiwa, na maofisa wa serikali waliopokea rushwa ili mabadiliko yapite nao walihukumiwa.

Duka lako si Sampoong. Ni dogo, na wewe umekosa usingizi mapema, ilhali wale walisubiri mpaka saa za mwisho. Nimekitaja kwa sababu jengo lile halikuangushwa na kosa moja kubwa. Yalikuwa mambo ambayo kila moja, siku lilipofanywa, mtu angeweza kuliita dogo: matumizi yameandikwa hivi yakawa vile, nguzo imepunguzwa kidogo, ufa umeonekana lakini leo kuna wateja.

Ukiitazama tena barua ya kamati ukiwa na hili kichwani, utaona hoja yao ya kwanza inauliza swali lilelile linalokuamsha usiku. Ukuta huu umebeba nini? Umeisoma kama kikwazo, nami naelewa, kwa sababu ilikuja ndani ya bahasha moja na hoja nyingine tatu baada ya miezi miwili ya kungoja. Jaribu kuitenga na wenzake. Ungekuwa peke yako, bila mkopo, bila mdogo wako, bila kikao, nani ungependa akusaidie kulijibu swali hilo?

Hoja nyingine hazina uzito mmoja. Mteremko wa mlangoni ni jambo linalopimika. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Kama nje hapatoshi, mchora ramani anaweza kuuanzia ndani, na ukuta wa kati ukibadilika nafasi ya ndani nayo itabadilika. Matao ndiyo yenye maumivu, kwa sababu ulikilia kile kioo. Sitakuambia kamati ina haki katika hilo. Kamati nazo hukosea. Una haki ya kuomba waandike ni kanuni gani inayolinda sura ya mtaa, na kama ni sharti au ni pendekezo tu. Jibu la swali hilo linabadilisha mengi. Muulize pia mchora ramani wako kama kuna namna ya kuyaacha matao yasimame na kioo kikakaa nyuma yake. Inawezekana isikupendeze. Lakini uione imechorwa kwanza, ndipo uikatae.

Mdogo wako. Umemweleza kama mtu wa pupa, na barua nzima nilikuwa namsubiri aseme neno la kipuuzi. Sikulisikia. Nilimsikia mtu anayejua tarehe ya rejesho la kwanza, anayejua mafundi wameshalipwa, na ambaye kila siku ya kungoja kwake ina hesabu. Anaamua kwa kile anachokijua. Ufa haujui. Mwanangu, sikulaumu, lakini nakuomba uliangalie hili: unamwona ana haraka, na sababu ya kusubiri umeifunika kwa kalenda. Pengine akiuona atasema lipigwe lipu tuendelee. Pengine ataketi chini kimya. Alilala juu ya ukuta huo utotoni kama wewe, na jengo ni la mama yake pia.

Kuhusu kuanza usiku, nitasema yale ambayo huenda hajayapigia hesabu. Sehemu nyingi, anayejenga bila kibali hupewa amri ya kusitisha, hupigwa faini, na huweza kuamriwa arudishe kila kitu kilivyokuwa kwa fedha zake, huku mkopo ukiendelea kudaiwa. Bima inaweza kukataa kulipa hasara iliyotokana na kazi isiyo na kibali. Soma pia masharti ya mkopo wenu. Si ajabu ukakuta benki yenyewe imetaka kibali kiwepo kabla ya ujenzi. Na jina lako limo kwenye kila karatasi, hata usiku ambao hukuwepo. Hayo yote ni ya fedha na sheria. Lililo zito ni kwamba watakaopiga nyundo usiku huo watakuwa wamesimama chini ya ule ufa, na kati ya wote waliomo humo ni wewe tu, na labda yule fundi, mnaojua upo.

Yule mtu wa kusukuma faili, nadhani unajua tayari. Usingeandika kwamba hukutaka kuuliza. Mhuri ukinunuliwa hakuna atakayekuja kuutazama ukuta, na wewe unachohitaji ni mtu autazame.

Kwa mzee nataka tuchelewe kidogo.

Isome karatasi yake tena, polepole, kama ya mtu usiyemjua. "Duka silipingi." Ameanza na hilo. Anachotaka kimo kwenye neno la mwisho, kuulizwa. Unasema angekufuata, ni hatua kumi. Ni kweli. Ila hatua hizo ni kumi pia kutoka kwako kwenda kwake, na ramani zilikaa halmashauri miezi miwili. Sikuoni kama mtu mwenye dharau. Nadhani ulikuwa umefurahi, na mtu akifurahi husahau kwamba ukuta una upande wa pili. Jambo hili ni la kawaida kiasi kwamba England na Wales zimelitungia sheria tangu 1996: mtu akitaka kuugusa ukuta anaochangia na jirani, lazima amwandikie, kwa kawaida miezi 2 kabla. Huko kwenu sheria inaweza kuwa tofauti, na ni vizuri mchora ramani akuambie inasemaje. Lakini haja aliyonayo mzee wako ni ya wanadamu wote.

Niliwahi kuishi ukuta mmoja na nyumba iliyokuwa ikivunjwa ndani. Kila nyundo ilipopiga, kikombe kilisogea kidogo mezani, na mimi nilikaa nikikitazama badala ya kunywa. Hakuna aliyenidhuru. Lakini kwa siku zile zote sikuwahi kujua kama nyundo inayofuata ni ya mwisho au ni ya kwanza. Sasa fikiria mtu anayefungua saa kwa bisibisi nyembamba kama sindano, macho yake yamezeeka, na nyuma ya mgongo wake rafu imejaa saa za watu.

Je, uende kumwona? Pana faida na pana hatari. Ukienda kabla ya kikao, anaweza kudhani umetumwa kumwomba aondoe pingamizi, na akijiona anabanwa atajifunga zaidi. Ukienda, labda uende bila ombi hilo mfukoni. Kumwamkia hakuhitaji kibali. Kumwambia "mzee, ningepaswa kukuuliza" hakukufungi na wala hakumfungi yeye. Anaweza asilainike, jiandae kwa hilo. Anaweza pia kuuliza kuhusu ule ukuta wa kati, na boriti zake zinapokwenda kuegemea. Fundi saa anajua kitu kimoja kinavyosukuma kingine. Kabla hujavuka mlango wake, jua utamjibu nini. Usiende ukiwa bado na la kumficha, maana utarudi na mzigo mzito kuliko uliokwenda nao.

Sasa njia zako. Ya kukaa kimya mpaka kikao kipite inaonekana fupi. Lakini kamati imeshadai ripoti, na mhandisi atataka kuona ukuta wenyewe, atainua hiyo kalenda. Na kwenye kikao cha wazi mjumbe yeyote anaweza kuuliza kama kuna hitilafu mnayoijua kwenye jengo. Utakuwa umesimama, mdogo wako pembeni, mzee mbele yako. Jiulize sasa ungejibu nini, ukiwa bado nyumbani na mlango umefungwa.

Ya kusema kila kitu mapema, kwa mdogo wako, kwa mchora ramani na kwa mhandisi, ina gharama ambayo sitaipunguza. Ramani zinaweza kuhitaji kurekebishwa. Mnaweza kulazimika kuomba shauri lisogezwe. Mdogo wako anaweza kukukasirikia kwa zile wiki mbili, na atakuwa na haki kiasi. Kwa upande mwingine, mwombaji anayekwenda kwenye kikao akiwa na ripoti, na neno "stoo" limeandikwa pale stoo ilipo, huulizwa maswali machache kuliko anavyohofia. Kamati nyingi huruhusu mazungumzo ya awali na ofisa mipango kabla ya kikao. Piga simu uulize.

Kuna ya kuigawa kazi. Rangi, rafu, taa na sakafu mara nyingi havihitaji kibali cha namna moja na kuondoa ukuta. Mafundi wangepata pa kuanzia, na mdogo wako angeona kitu kinasogea. Hatari yake ni kwamba mgawanyo unaweza kuonekana kama ujanja wa kuikwepa kamati, kwa hiyo upate jibu la maandishi kwamba kazi hizo hazimo kwenye shauri. Hatari nyingine ni kupendezesha ukuta ambao mwezi ujao utafunguliwa.

Kuondoa maombi kuna mvuto wake, nami nimeuhisi nilipokuwa nasoma. Mambo yangetulia, mzee angefurahi. Lakini ufa ulikuwepo kabla ya ramani. Ukiondoa maombi utakuwa umewaondoa watu waliokuwa wakiuliza juu yake, na wewe utaendelea kuuza madaftari chini yake.

Na benki. Waendee kabla ya rejesho la kwanza kufika, mkiwa wawili. Ulizeni kama marejesho yanaweza kuchelewa kuanza, au kama mnaweza kuchukua sehemu tu ya fedha kwa sasa. Wanaweza kukataa, au kukubali na riba ikapanda. Lakini mkopo unaokuzuia kuongea na mdogo wako, angalau ujue kwa hakika unadai nini na lini.

Jambo moja nadhani halihitaji kikao wala ruhusa ya mtu: kupunguza karatasi za juu. Zishusheni, hata kama duka litabanana. Na kumwita mhandisi aje autazame ukuta wiki hii ndilo ombi langu la pekee kwako. Hayo mengine ni ya kwako na ya mdogo wako kuyapima.

Unasema unaogopa kulipoteza jengo la mama. Umelieleza kwa mapenzi, vyumba vyake vitatu, ukuta wake mnene. Natamani tu kujua: yeye, siku fundi alipobandua ile lipu, angefanya nini? Wewe unamjua, mimi simjui. Na usiogope jibu likija tofauti na ulivyofanya. Wiki mbili si miaka miwili.

Sijui uanze na nani. Nimefikiria mdogo wako, nikafikiria mchora ramani. Kisha nikamkumbuka yule fundi aliyekutazama ukamwambia mtazungumza. Bado anangoja mazungumzo hayo, na ndiye pekee ambaye huna haja ya kumweleza chochote upya. Niandikie baada ya kikao, au kabla.